Viwango vya Afya Magerezani: Kutoka Hisani hadi Wajibu

Mwezi Agosti mwaka 1988, mfungwa mwenye umri wa miaka 70 aliyekuwa katika Gereza la Pollsmoor, jijini Cape Town, alikuwa akikohoa na kuishiwa nguvu. Chumba alichokaa kilikuwa na unyevunyevu. Alipelekwa katika Hospitali ya Tygerberg, ambayo ni hospitali ya kufundishia madaktari. Majimaji yaliyojaa kifuani yakatolewa, na uchunguzi ukaonyesha kuwa ana kifua kikuu. Ugonjwa uligunduliwa mapema, akatibiwa na akapona. Aliishi miaka mingine 25. Mfungwa huyo alikuwa Nelson Mandela. Tarehe 17 Desemba 2015, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha kanuni mpya za kima cha chini kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, kanuni hizo 122 zilipewa jina lake.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatibu wagonjwa wa kifua, na kila ninapolisoma tukio hilo namkumbuka mgonjwa mwingine, ambaye jina lake halitaandikwa popote. Alikuwa mahabusu, kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu. Alifika wodini akiwa amefungwa pingu, akiwa amekohoa kwa zaidi ya miezi mitatu, na pafu lake la kulia likiwa limeharibika vibaya. Nilipomuuliza askari aliyemsindikiza kwa nini wamechelewa kiasi hicho, alinijibu kwa unyenyekevu kabisa: wiki nyingine hapakuwa na gari, na nyingine hapakuwa na askari wa kutosha wa kusindikiza. Sikuona ukatili katika jibu lake. Niliona mtu mwema anayefanya kazi mahali ambapo hakuna maandishi yanayosema mgonjwa anayekohoa asubiri kwa siku ngapi.

Hoja ya makala haya ni kwamba afya ya mfungwa nchini mwetu inategemea mno hisani, yaani wema wa mkuu wa gereza, huruma ya askari wa zamu na bahati ya kupatikana gari, ilhali inapaswa kutegemea viwango vya taifa vinavyopimika, vinavyokaguliwa na watu wasiokuwa sehemu ya gereza, na vinavyompa mtaalamu wa afya kauli ya mwisho katika mambo ya tiba.

Haitakuwa kweli kusema kwamba tunaanza bila chochote. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 12, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, na Ibara ya 13 inapiga marufuku mateso na adhabu za kinyama, na pia inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Ipo pia Sheria ya Magereza ya mwaka 1967. Hata pamoja na marekebisho, sheria hiyo kiumbo ni ya zama zake: ilitungwa miaka 10 kabla ya kuanzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, na zaidi ya muongo mmoja kabla dunia haijausikia UKIMWI.

Kwa upande wa kimataifa, kanuni za kwanza za kima cha chini zilikubaliwa Geneva mwaka 1955, na ndizo zilizofanyiwa marekebisho na kuwa Kanuni za Nelson Mandela. Kanuni ya 24 inasema kwamba huduma ya afya kwa wafungwa ni jukumu la dola, na kwamba wafungwa wapate huduma ya kiwango kilekile kinachopatikana katika jamii. Ni msingi mzuri. Lakini msomaji makini atagundua jambo moja: kanuni hizo, kwa kuwa ziliandikwa kwa ajili ya dunia nzima, karibu hazitaji namba. Kanuni ya 13 inataka vyumba vya kulala viwe na hewa, mwanga na nafasi ya kutosha, bila kusema nafasi ya kutosha ni mita ngapi. Kanuni ya 30 inataka kila anayepokelewa gerezani apimwe afya mapema iwezekanavyo, bila kusema ni ndani ya saa ngapi. Kujaza nafasi hizo zilizoachwa wazi ni kazi ya kila taifa. Majirani zetu wa Kenya walijipa wajibu wa kutunga sheria ya namna hiyo katika Ibara ya 51 ya Katiba yao ya mwaka 2010, wakaitunga mwaka 2014. Utekelezaji wake ni mjadala mwingine, lakini angalau raia wa huko ana andiko la kuuliza kwalo.

Kwa nini namba? Kwa sababu ugonjwa wenyewe unakwenda kwa hesabu. Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu ambaye hajatibiwa anaweza, kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, kuwaambukiza watu kati ya 5 na 15 wa karibu naye katika mwaka mmoja. Hao ni watu wanaokutana naye katika maisha ya kawaida. Mweke mtu huyo katika chumba kilichofungwa tangu alasiri hadi asubuhi, pamoja na wenzake wanaolala ubavu kwa ubavu, na madirisha madogo yaliyozibwa kwa sababu za usalama. Chembechembe anazozitoa akikohoa huelea hewani kwa saa nyingi. Mambo yanayopunguza hatari ni yale yale tunayoyafundisha darasani: nafasi kati ya mtu na mtu, hewa inayopita, na muda mfupi kati ya kuanza kukohoa na kuanza dawa. Yote matatu yanapimika.

Napendekeza tuanze na viwango vitano. Kwanza, nafasi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inapendekeza mita za mraba 3.4 kwa kila mtu katika chumba cha pamoja. Kama hatuwezi kuifikia leo, tuandike tutaifikia lini, na kila gereza litangaze lipo wapi. Pili, maji na choo. Kamati hiyohiyo inataja lita 10 hadi 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu wasiozidi 25. Chini ya hapo, kuharisha na upele havishangazi. Tatu, kila anayeingia gerezani, awe mfungwa au mahabusu, aulizwe na kuchunguzwa na mtaalamu wa afya ndani ya saa 24: kikohozi, homa, kupungua uzito, dawa anazotumia, ujauzito, hali ya akili, na majeraha aliyokuja nayo. Nne, anayekohoa kwa wiki mbili makohozi yake yapimwe, na rufaa iliyoandikwa na tabibu itekelezwe ndani ya muda uliotajwa kwenye rufaa hiyo. Ikishindikana, sababu iandikwe na kusainiwa. Tano, mtu asitoke gerezani bila barua ya matibabu na dawa za kumfikisha kwenye kituo cha afya cha karibu na kwake.

Kiwango hiki cha tano nakiandika kwa aibu. Yule kijana niliyemtaja alirudishwa gerezani akiwa ameanza dawa vizuri. Mwezi wa pili wa matibabu, kesi yake ilifutwa, akaachiwa huru akitokea mahakamani moja kwa moja. Kadi yake ya matibabu ilibaki katika zahanati ya gereza. Aliporejea kwetu alikuwa ameacha dawa kwa wiki tano, na wadogo zake wawili walikuwa wakikohoa. Nililaumu gereza, kisha nikafungua faili lake na kuona kwamba hata mimi sikuwa nimemwandikia barua ya kumkabidhi kwa kliniki yoyote ya nyumbani. Nilidhani ni kazi ya gereza. Gereza lilidhani ni kazi ya mahakama. Waswahili husema, asiyekuwepo na lake halipo. Pasipo na kiwango kilichoandikwa, kila mmoja wetu ana mwenzake wa kumsukumia.

Namba pekee, hata hivyo, hazitoshi kama mwenye kuzisimamia hana mamlaka. Historia ya taaluma yetu ina somo chungu kuhusu hili. Mwezi Septemba mwaka 1977, Steve Biko, aliyekuwa mikononi mwa polisi wa makaburu mjini Port Elizabeth, aliumizwa kichwani. Madaktari wa serikali walimwona. Mmoja aliandika cheti kwamba hakuona kasoro yoyote. Siku chache baadaye, akiwa hali mbaya, Biko alilazwa uchi nyuma ya gari la polisi na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, ambako alifariki dunia tarehe 12 Septemba, akiwa na umri wa miaka 30. Wakati wa uchunguzi wa kifo, mmoja wa madaktari hao alieleza kuwa hakujua kwamba katika hali ile daktari angeweza kuutengua uamuzi wa ofisa wa polisi. Ilibidi madaktari wenzao waende mahakamani, na hadi mwaka 1985 ndipo baraza la taaluma lilipowatia hatiani kwa mwenendo wao.

Tanzania si Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi wa rangi, na silinganishi askari wetu na wale. Ninachokitazama ni yale maneno ya daktari: hakujua kwamba anaweza. Kanuni ya 27 ya Kanuni za Mandela ipo kwa ajili yake. Inasema uamuzi wa kitabibu utafanywa na wataalamu wa afya tu, na hautatenguliwa wala kupuuzwa na watumishi wa gereza wasio wa afya. Kwetu, zahanati za magereza huendeshwa na Jeshi la Magereza, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Tabibu wa gereza ni askari mwenye cheo, na mkuu wa gereza ni mkubwa wake. Akiandika rufaa, anamwomba bosi wake. Nchi kadhaa zimelitatua tatizo hili kwa kuhamishia afya ya magereza kwenye mamlaka za afya: Norwe mwaka 1988, Ufaransa mwaka 1994, na Uingereza ikakamilisha kwa magereza ya England mwaka 2006. Si lazima tuige kila hatua yao. Tunaweza kuanza kwa kuwaunganisha matabibu wa magereza na mganga mkuu wa wilaya katika usimamizi, takwimu na ugavi wa dawa, huku nidhamu ya kijeshi ikibaki kwa mambo ya ulinzi.

Kisha uje ukaguzi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kutembelea magereza. Ikiwa na orodha ya viwango mkononi na daktari katika msafara, ziara yake itakuwa kipimo badala ya kuwa mazungumzo. Taarifa zitolewe hadharani, na kila kifo kinachotokea gerezani kichunguzwe na mtaalamu asiyeajiriwa na gereza. Viwango hivyo vivihusu pia Vyuo vya Mafunzo vya Zanzibar, kwa maana bakteria hajui mipaka ya wizara.

Nazifahamu hoja za upande wa pili, na hazistahili kudharauliwa. Wengi huuliza: mwanakijiji asiye na hatia anakosa dawa, mhalifu apewe kwa haki ipi? Jibu ni kwamba mwanakijiji, katika dhiki yake, bado anaweza kukopa nauli, kuuza kuku au kwenda kituo kingine. Dola imemnyang'anya mfungwa uwezo huo wote; imemfungia mlango, hivyo imebeba jukumu la kumfungulia anapougua. Aidha, kanuni haidai apewe zaidi ya mwanakijiji. Inadai asipewe pungufu. Sehemu kubwa ya walioko ndani ni mahabusu ambao mahakama haijawatia hatiani. Na hakuna ukuta unaozuia kikohozi: askari hurudi nyumbani kila siku, ndugu huja kutembelea, na wafungwa karibu wote hutoka.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi. Ujenzi wa magereza mapya ni ghali, lakini dodoso la siku ya kwanza, dirisha lililozibuliwa na barua ya matibabu havihitaji mkopo kutoka nje. Msongamano nao hupungua kwa dhamana, kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 na kwa kesi kusikilizwa upesi. Msamaha wa Rais nao husaidia: tarehe 9 Desemba 2019, wafungwa 5,533 walisamehewa kwa mpigo. Lakini msamaha huondoa watu kwa siku moja. Haubadilishi chumba watakachoingia wengine kesho yake.

Mwaka 2023, tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikamilisha kazi ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai. Mlango wa marekebisho uko wazi, na sisi wa taaluma ya afya tusingoje kualikwa. Vyuo vyetu viingize afya ya magerezani katika mitaala, ili daktari kijana aijue haki yake ya kusema hapana kabla hajapangiwa kituo. Vyama vyetu vya kitaaluma viandae rasimu ya viwango vya afya na kuiwasilisha kwa wizara zote mbili. Na kila mmoja wetu, wodini kwake, aanze na lililo mikononi mwake. Mimi sasa simruhusu mgonjwa anayetoka gerezani kuondoka bila barua mbili: moja ya zahanati ya gereza, na nyingine anayobaki nayo mwenyewe, yenye jina la kliniki iliyo karibu na kwao.