Maji Yalikuwa Yanaingia au Hayaingii?

Kila yanapotokea maafa ya chombo cha majini katika nchi hii, sisi watu wazima tuna maneno yetu ambayo tumekwisha yaweka tayari kama sanda. Tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Tunasema ajali haina kinga. Niliyasikia ilipozama MV Bukoba karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Nikayasikia tena Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander usiku baina ya Unguja na Pemba, meli iliyoruhusiwa abiria mia sita na kitu, na tume ya uchunguzi ikaeleza baadaye kwamba waliopanda walipita 2,000. Nikayasikia kwa mara nyingine Septemba 2018, pale MV Nyerere, kivuko cha watu mia moja hivi, kilipopinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, na waliokufa wakapita 220.

Mimi ni Mwislamu na kudra naiamini. Ugomvi wangu si na kudra. Ugomvi wangu ni na watu wanaoitandika kudra juu ya uzembe kama mkeka juu ya uchafu, kisha wakatukaribisha tukae juu yake. Na nitaanza na mmoja wao ambaye namfahamu vizuri, maana alisema hivyo kwa sauti kubwa mbele ya ukoo mzima. Mtu huyo ni mimi.

Mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi, alikuwa fundi wa mitambo ya meli. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, yeye akaenda shule ya ufundi, na katika miaka ya sabini akaingia melini kama mpaka mafuta, akapanda ngazi kwa ngazi hadi akawa injinia wa pili. Watu wakimtaja baharia humfikiria nahodha aliyesimama juu na kofia nyeupe. Fundi hawamwoni, kwa kuwa yuko chini, katika joto na kelele, saa nne kazini na saa nane za kupumzika, kisha tena saa nne, mchana na usiku. Sikio lake la kushoto lilikufa humo. Alipokuja likizo alizungumza kwa sauti ya kupiga kelele, na watoto wake wakadhani baba amekasirika. Usiku wa kwanza nyumbani hakupata usingizi kamwe. Aliniambia kwamba kimya ndicho kinachomwamsha, kwa sababu kwa fundi wa meli injini ikinyamaza ni balaa.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa yeye akiwa Karachi. Baba yetu alipofariki, simu ya upepo ilimfikia bandarini tumekwisha soma hitima. Hayo ndiyo maisha ya bahari, hakulalamika. Naye alituletea fedha. Nyumba yetu ya Kilindoni iliezekwa bati kwa jasho lake, na ada za watoto wangu mimi, mwalimu mkuu ambaye mshahara wake ulichelewa miezi, mara nyingi zilitoka katika mfuko wake. Nayasema haya msomaji aelewe ni nani aliyekuwa na faida katika yale niliyoyasema baadaye.

Mwaka 1989 alikuwa katika meli moja ya mwambao iliyokuwa ikichukua abiria na shehena kwenda kusini. Jina la meli na la mwenyewe nayahifadhi. Pampu za kutoa maji ya ngama zilikuwa mbili, moja imekufa na ya pili inafanya kazi pale inapotaka. Bomba la mafuta lililokuwa likivuja lilifungwa kitambaa. Aliandika yote hayo katika daftari la mitambo. Akaambiwa aandike kwamba hali ni nzuri, atie sahihi, kwa kuwa abiria wa sikukuu walikuwa wamekwisha panda. Hakutia sahihi. Alichukua sanduku lake la zana, akateremka gatini Dar es Salaam, akarudi Mafia kwa jahazi.

Niliitisha kikao. Nilikuwa mkubwa, nilikuwa mwalimu mkuu, na nilikuwa na mazoea ya kuwasemesha watu wakanyamaza. Nilimwambia kwamba riziki haikataliwi. Nikamwambia mlinzi wa meli ni Mwenyezi Mungu, wala si pampu, na kwamba anayeogopa kiasi hicho imani yake ina kasoro. Wazee wakaitikia. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, na sijui hadi leo alisikia kiasi gani kwa sikio lile moja. Ndipo mkewe akasema kutoka mlangoni, “Shemeji, naomba niulize moja tu. Maji yalikuwa yanaingia au hayaingii?”

Hakuna aliyemjibu. Nilifunga kikao kwa dua.

Sasa hapa wengi wangetaka niseme kwamba wiki iliyofuata meli ile ilizama, nasi tukajuta. La hasha. Meli ile haikuzama. Alipatikana fundi mwingine akatia sahihi, nayo ikaendelea kwenda na kurudi, hata ikachoka ikauzwa chuma chakavu. Kwa miaka hiyo yote mdogo wangu alichekwa. Vijana pale sokoni walimwita “Bwana Pampu”. Binti yake mkubwa alifaulu kwenda sekondari akakosa ada, na mimi niliyelipiwa watoto wangu nilisema amejitakia.

Basi hoja yangu ni hii. Kama tunangoja meli izame ndipo tukiri kwamba fundi alisema kweli, tunawafundisha mafundi wote waliobaki watie sahihi. Chombo kibovu hakizami kila siku. Kingekuwa kinazama kila siku, nani angekipanda? Hufika mara mia, na kila kikifika kinampa mwenyewe ushahidi dhidi ya fundi wake. Ile ya mia na moja ndiyo tunayoiita kudra. Lakini maji yalikuwa yakiingia tangu ile ya kwanza.

Nao wanaotuhubiria kutawakali, nawauliza wanamsoma Mtume yupi. Yule tunayemfuata alipoulizwa na bedui kama amwache ngamia wake huru kisha atawakali, alimwambia amfunge kwanza. Na Nabii Nuhu, aliyekuwa na ahadi ya Mola wake kwamba ataokoka, bado aliamrishwa aunde safina ya mbao na misumari. Mafundi wa Jibondo, ambao huunda majahazi bila ramani yoyote, wanalijua hilo kuliko wengi wetu tunaopanda mimbari. Sijapata kusikia fundi wa Jibondo akisema tuache kutia kalafati, Mungu atazuia maji.

Wazungu nao walikuwa na kudra yao, nayo iliitwa biashara. Huko Uingereza, mbunge Samuel Plimsoll alipigana miaka mingi na wenye meli waliopakia kupita kiasi, hadi sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha meli zichorwe alama ya mwisho wa mzigo ubavuni. Hata hivyo mwenye meli aliachiwa achore alama mahali anapopenda mwenyewe! Ilichukua miaka mingine kulirekebisha hilo. Nimelisimulia hili mara nyingi darasani, na wanafunzi hucheka. Sikuwahi kuwaambia kwamba ndani ya nyumba yangu mwenyewe niliwahi kuichora alama hiyo mahali nilipopenda.

Hakurudi melini tena. Alikaa chini ya mkungu pale pwani na sanduku lake, akaanza kutengeneza injini za boti za wavuvi, na malipo yake mara nyingi yalikuwa samaki. Mkewe alipika vitumbua. Walimjia vijana wa Utende na Chole, akawafundisha kusikiliza injini, mtu mwenye sikio moja! Huwawekea mkono juu ya mtambo na kuwaambia wasikie kwa kiganja. Wanafunzi wake ni wachache kuliko wangu, na sijasikia hata mmoja wao aliyezamisha watu.

Siku mbili baada ya kivuko kupinduka kule Ukara, wazamiaji walimtoa humo mtu aliye hai, naye alikuwa fundi wa mitambo. Redioni wakasema ni muujiza. Sikatai. Mdogo wangu alisema tu kwamba mtu yule alikijua chombo chake kilivyo ndani, akazima redio.

Kisiwa chetu hakina daraja. Asiye na nauli ya ndege huvuka maji, awe mgonjwa, mwanafunzi au bibi harusi, na kati ya visiwa vyetu wenyewe tunavuka kila siku. Kwa hiyo jambo hili kwetu si la kusoma gazetini tu.

Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka Utende kwenda Juani kwenye hitima, kwa boti ya mdogo wangu. Ubavuni ameichora mstari kwa rangi nyekundu. Tulikwisha kaa wote, wanawake na watoto, masufuria na magunia ya mchele, naye akainama akatazama nje, akazima injini. “Mmoja ashuke,” alisema. Kijana mmoja akamjibu, “Babu, twende tu, Mungu yupo.” Yeye hakujibu kitu, alikaa ameuweka mkono juu ya injini na kutazama ule mstari. Watu wakaanza kuguna kwamba tunachelewa.

Nikavua viatu, nikakunja kanzu, nikashuka mimi. Maji yalinifika magotini. Mstari ukaonekana, akawasha injini, wakaondoka, nami nikarudi ufukweni na kapu langu nikingojea safari ya pili.