Picha Isiyo na Jina Ni Deni

Mwezi uliopita mhariri mmoja aliniandikia kwa adabu zote. Alitaka nimpe orodha ya sehemu kumi ninazozipenda zaidi, tano za nyumbani Zanzibar na tano za ughaibuni, kila moja na picha yake na mistari miwili mitatu ya maelezo. Alisema wasomaji wanapenda mambo mepesi. Nikakubali, nikakaa usiku mzima mbele ya kompyuta, na alfajiri nikamwandikia kuwa sitoi kitu. Hakunijibu, na simlaumu. Sababu yangu ilikuwa ndefu kuliko barua. Ndiyo hii.

Orodha yenyewe ninayo. Naishi Maskati tangu 2011 na kazi yangu ni kamera. Nyumbani ningeanza na Paje siku za bamvua, maji yakitoka mbali mpaka kina mama wa mwani unawaona kama nukta. Ningetia Darajani asubuhi, na bandari ya Malindi majahazi yakiingia. Huku ugenini ningetia Muttrah jioni, milima nyuma na bahari mbele, na soko la mbuzi la Nizwa siku ya Ijumaa, wauzaji wakizungusha mbuzi wao kwenye duara huku wanunuzi wakiwakagua. Picha zote zipo, na nzuri, acha nijisifu kidogo.

Sasa hesabu. Katika zile picha kumi nilizozichagua, watu wanaoonekana sura ni thelathini na mmoja. Niliowajua kwa majina ni wawili. Mmoja ni binamu yangu. Wa pili jina lake nililipata kwa aibu, na nitaeleza.

Hoja yangu ni hii. Sisi wapiga picha tunaposema tunapenda mahali fulani, mara nyingi tunachopenda ni mwanga, na watu wa pale tunawachukua bure kama mapambo. Na wahakiki mnatusaidia. Nimesoma uhakiki mwingi wa vitabu vya picha za pwani yetu: vivuli vinasifiwa, rangi zinasifiwa, hata ukimya unasifiwa. Sijaona anayeuliza yule mzee aliyekaa barazani anaitwa nani. Jamani, riwaya yenye wahusika thelathini, wote hawana majina, si mngemuuliza mwandishi ana maana gani? Mbona kitabu cha picha hamkiulizi?

Msidhani mimi ni msafi. Mwaka 2009, kabla sijahama, nilimpiga picha mama mmoja kule Paje akifunga mbegu za mwani kwenye kamba, maji yamemfika magotini, kanga kajifunga kichwani. Nilimwamkia, akaitikia, tukacheka kidogo, nikapiga, nikaenda zangu. Picha ile iliuzwa. Hoteli moja ya ufukweni iliinunua, ikaitundika karibu na mapokezi, na chini yake kibao: Mkulima wa mwani, Zanzibar. Maneno hayo niliyaandika mimi.

Mwaka 2019 nilirudi likizo, nikapita pale kuangalia kazi yangu imekaaje. Kiburi tu. Dada aliyekuwa akifuta vumbi alinikuta nimesimama mbele ya picha, akaniuliza kama naipenda. Nikamwambia, tena kwa raha, kuwa nimeipiga mimi. Akanyamaza. Kisha akasema yule ni mama yake, amefariki mwaka wa tatu sasa, na yeye kila asubuhi humfuta uso. Nyumbani hawana picha yake nyingine isipokuwa ile ndogo ya kitambulisho. Nikaanza kumpa pole, akanikatiza: "Kaka, picha umeiuza kwa bei unayoijua mwenyewe. Jina lake je, lilikushinda kuuliza?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilichapisha nakala za familia nzima. La pesa tulilizungumza pia, na hilo ni letu na wao. Kibao cha hotelini kilibadilishwa, sasa kina jina lake kamili. Hapa silitaji, kwa sababu mwanawe alisema liandikwe pale ukutani, siyo mtandaoni. Na hiyo ndiyo maana ya kuuliza: jibu ni la mwenyewe, siyo langu.

Ugenini nako nilifundishwa. Miezi michache baadaye, sokoni Nizwa, mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi wawili aliinua fimbo yake mbele ya lenzi yangu. Nikamwomba radhi kwa Kiarabu. Akaisikiliza lafudhi yangu, akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja kabisa: "We kijana, unanipiga unipeleke wapi?" Wazee kama yeye, waliozaliwa au kulelewa upande wetu, Oman wapo wengi. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akasema, "Basi ukijua, njoo." Tukanywa kahawa na tende, na kamera ikabaki mfukoni. Swali lake nimekuwa nikitembea nalo kila ninapokwenda kufanya kazi.

Nalo halinihusu mimi peke yangu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, liliporomoka likiwa kwenye ukarabati. Siku ile simu yangu haikupumzika. Watu wa Maskati, London na Toronto wananiomba picha zangu za zamani, nami nazitoa. Tukaomboleza pamoja: saa ile, nguzo zile, roshani zile. Watu wawili walikufa katika ajali ile. Kati ya wote walioniomba picha, hakuna aliyeniuliza marehemu ni kina nani, wala mimi sikumuuliza mtu. Jengo lilipata matanga kwetu. Wale wawili walibaki idadi.

Tabia hii ina mizizi. Kadi za posta za Zanzibar ya zamani, nyingine kutoka studio ya A. C. Gomes, zimejaa sura za watu wetu, na chini yake limeandikwa kabila au kazi: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi. Sultani ana jina. Mchukuzi hana.

Na ilikuwepo njia nyingine. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe mwaka 1930. Mtu alikwenda mwenyewe, kavaa anavyotaka aonekane, akalipa, akarudi nyumbani na picha yake. Seydou Keïta alikuwa na studio ya namna hiyo Bamako kuanzia 1948. Picha zake zilipoonyeshwa New York mwaka 1991, ziliwekwa kama kazi ya mpiga picha asiyejulikana, na mwenyewe yu hai, yuko Bamako. Alitafutwa, akapatikana, leo jina lake liko katika makumbusho makubwa ya dunia. Vizuri sana. Lakini wale waliokaa mbele ya kamera yake? Katika makumbusho hayohayo wengi wao wameandikiwa "Bila jina". Mpiga picha kapewa haki yake. Wateja wake bado wanangoja.

Najua nitakavyojibiwa. Kwamba picha ni sanaa, siyo kitambulisho. Sawa, ila jina halijawahi kuharibu mwanga wa picha yoyote. Kwamba jina linaweza kumletea mtu usumbufu, hata hatari. Kweli kabisa, ndiyo maana nasema muulize. Akikataa, andika kwamba hakutaka jina lake litajwe. Hapo msomaji atajua kuwa kulikuwa na mtu mwenye kauli yake. Kwamba sokoni huwezi kuwauliza watu mia. Huwezi. Lakini yule mmoja uliyemweka katikati ya fremu, ukangoja dakika kumi mpaka jua limfikie usoni, muda wa kumuuliza ulikuwa nao.

Kwa hiyo nyinyi mnaosoma na kuhakiki, nawaomba kitu kimoja. Mkishika kitabu cha picha cha Lamu, cha Unguja au cha Kinshasa, kabla hamjasifu, someni maelezo ya picha na mhesabu majina. Mkikuta mlango umeandikiwa karne yake na nakshi zake, na aliyesimama mlangoni hana hata herufi moja, lisemeni hilo, tena mwanzoni mwa uhakiki, siyo kwenye sentensi ya mwisho ya heshima.

Julai nakwenda nyumbani. Nimechapisha zile picha tano, nimezitia kwenye bahasha. Naanzia Darajani, maana muuza pweza wa picha ya tatu nasikia bado yupo. Nikirudi, zamu ya Muttrah na Nizwa. Mhariri akiwa bado anaitaka orodha yake, ntampa. Itakuwa na sehemu chache kuliko kumi, na kila picha itatoka kwa kauli ya aliyemo.