Simba wa Nairobi wana funzo kwa Kisumu

Simba wawili wa mawe wangali wamelala mlangoni mwa Maktaba ya McMillan, Nairobi. Jengo hilo lilipofunguliwa mwaka 1931 lilikuwa la Wazungu pekee. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi ukoloni ulipokaribia kikomo. Hata hivyo, wananchi hawakuwavunja simba hao. Mlango ulipofunguliwa, wakawa wao.

Kisumu mambo yalikuwa tofauti. Agosti 2014, mnara wa jamii ya Sikh, ambao wengi wao huitwa Singh, yaani simba, uliharibiwa na watu waliodai ni wa kishetani. Ilhali Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1938 kumkumbuka mfanyabiashara Kassim Lakha, haujaguswa.

Tofauti si dini wala rangi, bali maelezo. Saa humfaa kila mpita njia. Mnara wa 2014 wengi hawakuelezwa maana yake, na uvumi ukajaza pengo. Hilo halihalalishi uharibifu. Lakini serikali ya kaunti inapaswa kuwashauri wakazi kabla ya kusimamisha sanamu yoyote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.