Rangi Haimpi Gadi Behewa Jipya

Mwaka 1942 kampuni ya reli ya Pennsylvania, Marekani, ilianza kuunda behewa la gadi aina ya N5c, lenye madirisha ya duara kama ya meli. Umbo hilo lilikuwa la Pennsylvania peke yake. Miaka ya 1950 Lionel, watengenezaji wa treni za kuchezea, waliuza modeli za behewa hilo, baadhi zikiwa na jina la reli nyingine, Virginian.

Watoto hawakujali, na ni haki yao.

Lakini anayehukumu uhalisia wa modeli aanze na umbo: madirisha, ngazi, kibanda cha juu ya paa. Kwa kipimo cha 1:87, dirisha lililokosewa milimita 3 limesogea sentimita 26 kwenye behewa halisi. Rangi hupakwa upya, bodi haibadiliki. N5c yenye jina la Virginian ipewe sifuri.