Tuhesabu Vijidudu vya Ziwa Letu

Wengi wetu tukitaka kujua hali ya Ziwa Tanganyika hutazama rangi ya maji, basi. Mto Ntahangwa ukishuka na tope baada ya mvua twapiga kelele. Ukitulia twanyamaza, ilhali maji ya mifereji yangali yanaingia. Macho hayatoshi. Hata chupa ipelekwayo maabara haitoshi, kwa kuwa hueleza saa ile tu ilipojazwa. Amwagaye uchafu usiku hanaswi na chupa ya asubuhi.

Shahidi asiyeondoka hapo ni zuplanktoni, vijidudu vinavyoelea majini, vingi havifikii hata milimita mbili. Baadhi huzaliana kwa siku chache tu, kwa hiyo maji yakiharibika hesabu yao hubadilika kabla samaki hajaonyesha dalili. Kokota wavu wa kitambaa chenye matundu madogo mno, tia tone chini ya hadubini: utamwona kopepodi na vipapasio vyake virefu kama masharubu ya kambare, akiruka kwa mishtuko. Huyo ndiye chakula cha ndagala. Lakini ukikuta kundi jingine, rotifera wa aina ya Brachionus, wamejazana, shuku kwamba mbolea na maji ya vyoo vimelisha mwani kupita kiasi.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Kweli, jedwali la Ulaya la kupimia maji kwa vijidudu halitufai: wenzetu hutegemea sana vijidudu viitwavyo viroboto-maji, na katika maji ya katikati ya Tanganyika hao hawapo. Ndiyo sababu tutengeneze letu. Wala tusitege wavu mtoni penye kasi, mkondo huvisomba. Mahali pake ni pale mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha inapomwagika ziwani, na karibu na pale shirika la maji la Regideso linapovuta maji tunayokunywa. Na iwe saa ile ile kila mara, maana vijidudu hivi huzama mchana na kupanda usiku. Mvuvi wa ndagala, na taa yake, hahitaji kufundishwa hilo.

Pa kuanzia tunapo: mkataba wa ziwa ulitiwa sahihi na nchi nne mwaka 2003, na makao ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yako papa hapa Bujumbura. Chuo Kikuu cha Burundi kina vijana wa biolojia. Wapewe mtumbwi, wavu na hadubini, na hesabu zao zibandikwe kila mwezi mialoni na sokoni, kwa Kirundi na Kiswahili, ili mama auzaye ndagala Buyenzi azisome siku ile ile anayozisoma waziri.