Ukiambiwa mtoto hana minyoo, uliza swali moja zaidi

Mzazi anayempeleka mtoto zahanati kwa ajili ya tumbo aghalabu hurudi nyumbani na karatasi ndogo yenye jibu fupi: ana minyoo, au hana. Akiambiwa hana, moyo hutulia. Karatasi hutiwa kabatini, na tumbo la mtoto likiuma tena hulaumiwa maembe mabichi. Je, msomaji mpendwa, umewahi kujiuliza jibu hilo la "hana" hutoka wapi, na lina nguvu kiasi gani?

Jumapili hii ningependa tumtazame daktari mmoja ambaye swali hilo limechukua sehemu kubwa ya kazi yake. Jina lake ni Isaac Bogoch. Yeye ni bingwa wa maradhi ya kuambukiza katika hospitali ya Toronto General nchini Kanada, na hufundisha katika Chuo Kikuu cha Toronto. Wakati wa janga la Covid-19, watu wa Kanada walimzoea sana kwenye televisheni na redio. Lakini miaka kadhaa kabla ya hapo, jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa katika utafiti wa minyoo uliofanywa hapa jirani, kisiwani Pemba.

Kwanza tuelewe minyoo hutafutwaje. Mnyoo wenyewe hujificha tumboni, hivyo fundi wa maabara hutafuta mayai yake katika choo. Njia inayotumiwa mno na watafiti huitwa Kato-Katz. Jina hilo linatokana na Kato wa Japani, aliyeianzisha mwaka 1954, na Katz wa Brazili, aliyeiboresha mwaka 1972. Choo huchujwa kwa wavu mdogo, kisha hushindiliwa katika tundu la kibao linalobeba miligramu 41.7 tu. Huo ni uzito wa punje mbili hivi za mchele! Hubandikwa juu ya kioo na kufunikwa kwa selofani iliyolowekwa katika glisirini, ambayo huufanya uchafu uwe mwangavu na mayai yaonekane. Fundi huyahesabu chini ya hadubini, akazidisha mara 24, akajua gramu moja ya choo ina mayai mangapi.

Kazi hiyo yahitaji hadubini nzuri na jicho lililozoea. Vijiji vingi ambako minyoo imejaa havina hata kimoja kati ya hivyo viwili. Hata hivyo, karibu kila kijiji kina simu ya mkononi. Ndipo Bogoch na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Maabara ya Afya ya Umma ya Ivo de Carneri iliyoko Chake Chake, walipojiuliza: je, simu yaweza kugeuzwa hadubini?

Walichukua simu ya iPhone, wakabandika kwenye jicho la kamera yake lenzi ndogo ya duara mfano wa ushanga, kwa kutumia utepe wa gundi. Lenzi yenyewe ilikuwa ya dola chache tu. Chini ya kioo chenye choo wakawasha tochi ndogo. Basi! Vioo 199 vilivyotoka Pemba vikatazamwa kwa simu hiyo, na majibu yakalinganishwa na yale ya hadubini ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Magazeti ya nchi nyingi yalishangilia simu inayoona minyoo. Lakini hebu tutazame hesabu yenyewe. Katika kila watu 100 wenye minyoo mikubwa ya mviringo, ile inayofanana na nyungunyungu, simu iliwagundua 81. Hiyo si haba. Kwa minyoo mjeledi, iligundua 54 katika 100. Ama kwa minyoo ya safura, iligundua 14 tu. Waliobaki, 86 katika kila 100, wangerudi nyumbani wakiamini kwamba hawana kitu.

Tofauti hii ina sababu zake. Mnyoo mkubwa wa kike hutaga mayai yanayoweza kufika 200,000 kwa siku, nayo yana ganda nene linaloonekana upesi. Yai la safura lina ganda jembamba kama utando, na glisirini ile ile inayosafisha uchafu hulifuta lisionekane kioo kikikawizwa, hata kwa saa moja. Na kumbuka kwamba safura ndiyo inayokunywa damu. Ndiyo inayomfanya mtoto awe na viganja vyeupe, asinzie darasani, na inayomwongezea mama mjamzito upungufu wa damu. Kwa hiyo kile chombo kilikuwa kipofu zaidi pale palipokuwa na hatari kubwa zaidi.

Watafiti wangeweza kutangaza ile 81 na kuificha ile 14. Hawakufanya hivyo. Waliziandika zote mbili katika ukurasa mmoja, wakaeleza kwamba simu ile ilikuwa jaribio tu, bado haijafaa kutumiwa kliniki.

Bogoch hakuishia hapo. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya kazi nyingine, aliyoshiriki na wenzake wa Ghana, kuhusu kichocho cha mkojo. Safari hii walijaribu hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope, ambayo Manu Prakash na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliibuni ikunjwe kwa mkono kama bahasha. Ikiunganishwa na simu, iligundua wagonjwa 56 hivi katika 100. Kifaa kingine cha simu kiligundua 68 hivi. Mwaka uliofuata, huko Côte d'Ivoire, hadubini ndogo ya mkononi iligundua zaidi ya 80 katika 100, kwa kichocho cha mkojo na kile cha tumbo pia. Hatua kwa hatua, kila mara wakitaja kilichoonekana na kilichokosekana.

Sasa tuhamie Kanada. Januari 2020, wakati ulimwengu ulikuwa haujazoea hata jina la Wuhan, Bogoch na wenzake walichapisha uchunguzi wa safari za ndege kutoka mji huo, kuonyesha ni miji gani ya nje iliyokuwa karibu zaidi kufikiwa na homa ya mapafu isiyojulikana. Desemba mwaka huo aliteuliwa kuwa mmoja wa wanakamati waliosimamia ugawaji wa chanjo katika jimbo la Ontario. Kuanzia hapo kazi yake haikuwa tena ya kuandikia mabingwa wenzake pekee. Ilimbidi aongee na mama mwenye duka, dereva wa basi na mwalimu, watu waliochoka na walioogopa.

Waweza kudhani kwamba hizo ni kazi mbili mbalimbali, moja ya choo na kioo, nyingine ya kamera na maikrofoni. Mimi naziona kuwa kazi moja. Anayeulizwa "chanjo hii inakinga?" anaulizwa jambo lile lile aliloulizwa mtu wa Pemba kuhusu simu: kati ya watu 100, itafaa wangapi, na nani atakosa? Katika majaribio ya mwaka 2020, chanjo ya Pfizer ilipunguza wagonjwa kwa asilimia 95. Baadaye virusi vilipobadilika, kinga dhidi ya kuambukizwa ilishuka, ilhali kinga dhidi ya ugonjwa mkali ilidumu zaidi. Mtu aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba hakuna ngao isiyo na tundu hakuona kuwa amedanganywa. Aliyeahidiwa ngao kamili ndiye aliyekasirika, na hasira yake ilikuwa na haki.

Nasi huku nyumbani yatuhusu. Mpango wa taifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulipopanuliwa mwaka 2012, mamilioni ya watoto wa Kenya walimezeshwa vidonge bila kupimwa mmoja mmoja. Wazazi wengine walinung'unika: mbona mtoto wangu apewe dawa naye hajapimwa? Jibu ni kwamba dawa hiyo ni salama na ya bei nafuu, ilhali kumpima kila mtoto ni ghali, na kipimo chenyewe, kama ulivyoona, huwakosa wengi. Lakini kuna upande wa pili. Kadiri minyoo inavyopungua, mayai huwa machache katika choo, na kuyakosa huwa rahisi zaidi. Kwa hiyo siku tutakapoambiwa kwamba minyoo imekwisha, ndiyo siku ya kuuliza kwa makini zaidi tulipimwa kwa chombo gani.

Basi mzazi mwenzangu, ukiwa zahanati usione haya kumwuliza mhudumu maswali machache. Kipimo kimefanywa kwa choo cha siku moja, au zaidi? Mayai hayatoki sawasawa kila siku, na choo cha siku ya pili chaweza kuonyesha kile ambacho cha kwanza kilificha. Choo kilitazamwa kingali kibichi, au kililazwa mezani? Na mtoto akiendelea kusinzia, kupauka viganja au kukojoa damu ilhali karatasi inasema "hana", usibishane na karatasi nyumbani wala usikimbilie kununua vidonge kwa kubahatisha. Mrudishe akapimwe tena, damu na mkojo pia.

Wakati huo huo, choo cha shimo kitumike, mtoto avae viatu, mikono ioshwe kwa sabuni, na watoto wasiogelee katika mifereji yenye konokono. Dawa hutoa minyoo iliyomo. Haizuii mingine isiingie kesho.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mtaalamu mwema hakasiriki akiulizwa chombo chake hukosa nini. Ndilo swali ambalo yeye mwenyewe alipaswa kujiuliza kwanza.