Simu iko Mombasa, risiti iko Dubai: Waranti inavyopotea njiani

Mfanyakazi ananunua simu mpya Deira, Dubai, kisha anamtumia mama yake Mombasa. Miezi minne baadaye kioo kinazima chenyewe, bila kuanguka wala kuingia maji. Dukani wanauliza kitu kimoja tu: risiti iko wapi?

Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Boksi na kadi ya waranti vilisafiri na simu. Risiti ilibaki Dubai, na huenda ilitupwa siku ya kuhama chumba.

Waranti nayo ina mipaka

Kampuni nyingi za simu na televisheni hutoa waranti kwa nchi au kanda fulani tu. Mara nyingi wakala wa kila nchi hugharamia matengenezo ya bidhaa zilizopita mikononi mwake. Simu ya Dubai inaweza kukataliwa Nairobi hata kama nembo ni ileile.

Kwa hiyo kuuliza "ina waranti ya mwaka?" hakutoshi. Swali la maana ni "inakubalika nchi gani?", na jibu liandikwe kwenye risiti kabla pesa haijatoka.

Ulaya ni tofauti kidogo

Katika Umoja wa Ulaya, sheria inambana muuzaji kwa angalau miaka miwili kwa kasoro iliyokuwepo tangu bidhaa mpya ilipokabidhiwa. Hii ni mbali na waranti ya kiwandani. Sheria mpya iliyopitishwa 2024, ambayo nchi wanachama zilipewa hadi 31 Julai 2026 kuanza kuitumia, inaongeza mwaka mmoja kwa mnunuzi anayechagua kutengenezewa badala ya kubadilishiwa.

Ila muuzaji huyo yuko Berlin, hayuko Kisumu. Kitu kikishasafirishwa nyumbani, haki bado ipo, lakini wa kuidai ni yule aliyebaki Ujerumani, akiwa na risiti mkononi. Nauli ya kurudisha televisheni inaweza kumeza faida yote.

Karatasi inayofutika

Risiti nyingi za madukani huchapwa kwa joto, bila wino. Zikikaa ndani ya gari au juani, maandishi yanapotea. Kwa kiangazi cha Ghuba, ambako joto hupita nyuzi 40, waranti inaweza kuwa hai wakati risiti imeshakuwa karatasi nyeupe.

Dawa yake haina gharama: picha ya risiti na kadi siku ileile, pamoja na namba ya IMEI inayopatikana kwa kubonyeza *#06#. Nakala moja iende kwenye barua pepe, nyingine WhatsApp kwa anayepokea mzigo. Karatasi yenyewe ibaki na mtu aliye karibu na duka.

Mwenye uwezo simu ikifa ananunua nyingine. Anayeumia ni yule aliyejinyima miezi mitatu ili mama apate simu.